Mtoto wa miezi mitano kakosa sindano mbili, je aanze upya?

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi niko Konde, Pemba. Mwanangu wa kike katimiza miezi mitano juzi. Alizaliwa hospitali akapata ile ya begani na matone. Alipotimia arubaini tukampeleka akapata sindano za mwanzo, usiku ule akachemka mwili mzima, paja likavimba, kalia mpaka alfajiri. Mavyaa akasema basi, mtoto asirejeshwe tena. Baadae tukafatana na baba yake dago la karafuu, kambi ya wachumaji shamba, tumerudi sasaivi, na kadi imeingia maji haisomeki vizuri. Nataka kumrejesha lakini naogopa kusemwa, na shoga yangu kaniambia itabidi aanze zote upya, apigwe nyingi siku moja. Ni kweli? Na kuna haja gani ikiwa mtoto mwenyewe mzima, ananyonya, mnene? Nnae na mwengine wa miaka mitatu, huyo alikosa ile ya mwaka na nusu.

JIBU: Waalaykum salaam dada yangu. Ntaanza na hilo linalokusumbua zaidi: haanzi upya. Sindano alopata baada ya arubaini inahesabika, ni ya kwanza, na itabaki kuwa ya kwanza hata ungekaa mwaka mzima bila ya kurudi. Siku utakayompeleka anapewa ya pili, baada ya wiki nne anapewa ya tatu, kisha mmemaliza hizo. Shoga yako kakutakia kheri lakini hilo si kweli, na nnalisikia sana mitaani, watu wanakaa na watoto majumbani kwa kuogopa kitu ambacho hakuna muuguzi atakayekifanya. Mwili ukishaoneshwa mdudu mara moja unaweka kumbukumbu yake, na sindano inayofuata inakuja kuizidisha nguvu ile kumbukumbu, haijali imepita miezi mingapi. Kinachokatazwa ni kuzikaribisha mno, yaani kabla ya wiki nne hazifatanishwi. Zikiachana hakuna ubaya wowote kwa sindano yenyewe, ubaya uko kwa mtoto kwavile muda wote huo alikuwa hana kinga ya kutosha.

Na hapo ndipo nnapotaka unisikilize vizuri, kwa sababu umeuliza kuna haja gani na mtoto mzima. Alhamdulillah kwa uzima wake. Sindano hizi zinatakiwa zimkute mzima, ndio maana yake. Ile ya paja inayoitwa penta imechanganya kinga tano kwa pamoja: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini ya aina ya B, na mdudu mmoja anaeleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Katika hizo tano mimi kwa mtoto wa umri wa wako nnaogopa zaidi kifaduro. Watu wakisikia kifaduro wanafikiria kikohozi kirefu cha mtoto mkubwa anaekohoa mpaka anatapika, anavuta pumzi kwa mlio. Kwa mtoto mchanga mara nyingi hakiji hivo. Kichanga hana nguvu za kukohoa, anakuwa anakohoa kidogo tu kama mafua, kisha ghafla anakakamaa, midomo inageuka rangi ya samawati, anasimama kupumua, halafu anarudi, mama anadhani degedege, anadhani zongo, anatafutiwa dawa ya moshi na mafuta wakati anahitaji oksijeni. Wanaokufa kwa kifaduro wengi ni watoto wa miezi ya mwanzo, hao hao ambao hawajamaliza sindano tatu. Na anaemletea mara nyingi ni mtu wa nyumbani, kaka yake au mama mdogo alokuja kumuona, ana kikohozi cha wiki mbili tatu anakidharau. Ivo mtoto wako kwa sindano moja hajaachwa mtupu, lakini kinga ya moja ni ndogo, haijafika pahala pa kutegemewa.

Haya sasa ile homa. Nnajua usiku wa mtoto kulia mpaka alfajiri unavomkaa mama, na simlaumu mavyaa wako hata kidogo, bibi yoyote anaempenda mjukuu akiona mtoto aloondoka nyumbani anacheka karudi anachemka atasema basi. Lakini hebu tutizame kilichotokea. Homa ya siku moja au mbili na uvimbe mwekundu kwenye paja ni jambo la kawaida kabisa kwa penta, watoto wengi wanapata, na kinacholeta hasa ni ile sehemu ya kifaduro ndani yake. Ni mwili unafanya kazi ulotakiwa ufanye. Asubuhi yake au siku ya pili ilikuwaje? Hukuniambia lakini kwavile unasema alirudi kunyonya na kanenepa basi iliondoka yenyewe. Homa ya namna hiyo haizuii sindano ya pili. Kinachozuia ni vitu vyengine ambavyo ni nadra sana, kwa mfano mtoto ndani ya nusu saa ya sindano kavimba uso na midomo, kashindwa kupumua, kalegea. Au baada ya sindano kapata degedege, hapo muuguzi lazima aambiwe kabla hajashika bomba la sindano, ataamua yeye na daktari. Ndio maana tunawaambia akinamama msiondoke, kaeni pale nje robo saa mpaka nusu saa kwanza, na wengi wanaondoka kwavile gari inangoja. Kaa, dada yangu. Gari itakuja nyengine.

Safari hii jitayarishe. Usimpe dawa ya homa kabla ya sindano, hapana haja, mpe ikiwa homa imekuja. Dawa yenyewe ni parasetamoli ya maji ya watoto na kipimo chake kinaenda kwa uzito, si kwa umri wala si kwa kukisia kijiko cha chai, na chupa zina nguvu tofauti, ivo siku hiyo hiyo akishapimwa mwambie muuguzi akuandikie mililita ngapi kwa chupa gani. Inarejewa baada ya masaa sita ikiwa homa bado ipo, isizidi mara nne kwa siku. Aspirini asipewe kabisa, wala kidonge cha mkubwa kukatwa vipande. Mvue nguo nzito, hizi soksi na kofia za sufi na mashuka mawili mtoto anachemka ndani yake na sisi tunamfunika tukisema asipigwe na upepo. Mnyonyeshe sana, kila akitaka na hata asipotaka mjaribu. Paja muekee kitambaa safi kilichochovywa maji ya baridi, usilichue, usilikande kwa maji ya moto, usitie manjano wala kitu chochote. Pengine kitabaki kigololi kigumu chini ya ngozi hata wiki kadhaa, hakimuumi, kiache. Na mrejeshe hospitali haraka ikiwa homa imepita siku mbili, au analia kilio kimoja hakinyamaziki masaa matatu, au hataki kunyonya, au anapumua kwa shida, au kapata degedege. Hayo ndio ya kukimbilia, hata usiku.

Kuhusu nyingi kwa siku moja. Ndio, atapata zaidi ya moja, na hilo silifichi: penta paja moja, ile ya nimonia paja la pili, matone ya polio mdomoni, matone ya rota ya kuharisha, na kwavile kashapita wiki 14 anaweza kupewa na polio ya sindano pia. Inaonekana nyingi kwa jicho la mama, lakini kwa mwili wa mtoto si kitu. Mtoto wa miezi mitano anagaragara kwenye mkeka, anatia mdomoni mkono wa bibi, kijiko, kona ya kanga, katika siku moja anakutana na vijidudu vingi kuliko vilivyomo kwenye hizo chupa zote, na vya kwenye chupa vimeshauliwa au vimedhoofishwa. Tena kuzigawa siku mbili tofauti maana yake ni safari mbili na vilio viwili, na ile ya pili wengi hawaendi. Zimalize siku moja.

Ili aumie kidogo kuna mambo ya kufanya na wewe mwenyewe unaweza kuyaomba. Mwambie muuguzi aanze na matone, yale ya rota yana utamu unasaidia, sindano zije mwisho. Usimlaze kitandani ukamkamata mikono, mpakate akiwa wima kifuani kwako, paja liwe wazi, na mtie ziwa anyonye kabla, wakati wa sindano, na baada yake. Hilo la kunyonya usilidharau, limepimwa, na Shirika la Afya Duniani wenyewe wanalielekeza. Atalia lakini atanyamaza upesi.

Sasa mavyaa. Usimpe vita. Kaa nae ukimpelekea chai, umwambie mama nakuomba tufuatane. Nenda nae mpaka kituoni, aulize maswali yake mwenyewe, bibi akiridhika nyumba nzima imeridhika. Na ikiwa ni mtu wa umri, muombe akunjue mkono wa kanzu, huenda na yeye ana kovu la chanjo ya ndui la utotoni. Wazee wanaikumbuka ndui, ilikuwa inapofua watu na kuua, na leo hakuna mtoto dunia nzima anaeugua ndui, imetangazwa kumalizika mwaka 1980, na kilichoimaliza ni chanjo. Mtu wa mwisho kuipata kwa njia ya kawaida alikuwa Msomali, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali huko Merca, mwaka 1977. Alikuwa kaikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu. Akaugua, Mungu akamjaalia akapona, na baadae akawa anazunguka kwa wazazi kuwahimiza wachanje watoto wao polio, anawahadithia yalomkuta yeye. Na ikiwa kuna anaesema chanjo hazifai kwa muislamu, muulize mahujaji. Hakuna anaeingia Makka kuhiji bila ya chanjo ya homa ya uti wa mgongo, Saudia wenyewe ndio wanaoitaka, masheikh wetu wanachanjwa na wanakwenda. Kujikinga na ugonjwa hakupingani na kumtegemea Mungu.

Kadi iloingia maji ipeleke vivo hivo, usiitupe. Iache ikauke kivulini usiianike juani ikapasuka. Hata ikisomeka nusu inasaidia, na kituo kina daftari lao, jina la mtoto na tarehe alizochanjwa zimeandikwa mle, ndio maana ni bora kwenda kituo kile kile alichopata ya mwanzo. Pia tizama bega lake: ile ya kifua kikuu wanayopewa wakizaliwa inaacha kovu dogo, linaanza kama kipele baada ya wiki kadhaa, pengine linatoa usaha kidogo kisha linakauka lenyewe (na hapo napo watu wanalikamua na kulitia dawa, msilikamue). Kovu likiwepo ni ushahidi. Na ikiwa hakuna daftari wala kadi inayosomeka, hapo tu ndipo ile ya kwanza inaweza kurudiwa, maana sheria yetu ni kuwa kisichoandikwa kinahesabiwa hakikutolewa, na kurudiwa hakumdhuru mtoto. Kadi mpya akishapewa ifunge kwenye mfuko wa nailoni, itie pamoja na vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa, na kabla hujaenda popote ipige picha kwa simu. Na safari nyengine mkienda dago iende na nyinyi. Mtoto wa Konde anaweza kuchanjwa Mkoani, anaweza kuchanjwa Kivunge, kituo chochote cha serikali, hakuna anaefukuzwa kwa kuwa si wa shehia ile, na chanjo hailipiwi.

Unaogopa kusemwa. Nnakuelewa na hili linaniuma kwa sababu wapo wenzetu wana maneno makali, mama kafunga safari na mtoto mgongoni anapokelewa na "ulikuwa wapi wewe siku zote hizi", mbele za watu, na siku hiyo ndio mwisho wake kuonekana. Mama alochelewa akaja ni wa kukaribishwa kuliko wote. Kama atatokea wa kukusema mjibu kwa upole, "nilikuwa shamba, nimekuja tumalizie", keti, usiondoke. Au zungumza kwanza na yule mtu wa afya wa mtaani kwenu, hawa wa kujitolea wanaopita majumbani na simu, mwambie hali yako akufikishe yeye. Kazi yao ni hiyo hasa.

Jambo jengine la kukuokoa na safari ya bure: ulizia siku. Vituo vidogo vyengine vina siku maalumu za chanjo, na hasa ile ya shurua na ile ya begani zinakuja kama unga ndani ya chupa ya watoto kumi au zaidi, ikishatiwa maji yake hudumu masaa sita tu kisha inamwagwa hata kama kachanjwa mmoja. Ndio maana pengine unaambiwa njoo siku fulani watoto wakusanyike. Ukiambiwa hivo usiondoke bila ya tarehe, iandikwe kwenye kadi kwa kalamu.

Sasa nirudi kwenye neno lako "mnene", maana hapa ndio nna maneno mengi. Akinamama wengi wanadhani kliniki ni sindano, sindano zikisha na kliniki imekwisha. Mimi ukiniuliza katika yote tunayomfanyia mtoto kipi kinanipa habari zake haraka zaidi, ntakwambia mzani. Ila upimwe vizuri. Mtoto avuliwe nguo, na pampasi au nepi ilorowa ivuliwe, ile inaweza kuzidisha uzito ikakudanganya mwezi mzima. Mzani wa kuning'iniza ule wenye suruali, kabla hajatiwa mtoto mshale utizamwe uko kwenye sufuri huku ile suruali ikiwa imetundikwa. Mtoto akitulia ndio unasomwa, na anaesoma asimame jicho liwe sawa na mshale, si kutoka chini. Kisha kinawekwa kidoti kwenye kadi. Kidoti kimoja hakisemi kitu. Viwili vitatu vikiunganishwa ndio vinasema.

Nkupe mfano. Mtoto wa kike ana kilo 6.4 akiwa na miezi minne, mwezi wa tano 6.5, mwezi wa sita 6.5. Mama anamuona mzuri, mashavu yapo, na kweli kwenye kadi yumo ndani ya rangi ya kijani, muuguzi mwenye haraka atasema sawa nenda. Lakini mstari umelala. Mtoto wa umri ule anatakiwa apande kila mwezi, uzito wa kuzaliwa unakuwa mara mbili yake karibu na mwezi wa tano na mara tatu akitimiza mwaka, ivo mstari kulala miezi miwili ni habari tayari: pengine ananyonya lakini hashibi, pengine mama kashika mimba nyengine, pengine kaanzishwa maji na uji mapema tumbo likajaa vitu visivyo na nguvu, pengine ana maambukizo ya mkojo, au moyo, au ugonjwa wa damu wa seli mundu. Ukiukamata wakati umelala unaurejesha kwa wiki chache. Ukisubiri mpaka mbavu zionekane ni kazi kubwa. Wako sijui mstari wake uko vipi kwavile hajapimwa tangu arubaini, ivo siku hiyo usikubali achanjwe bila ya kupimwa, na muombe muuguzi akuoneshe kidoti, akueleze. Ni haki yako kukielewa. Akitimiza miezi sita wataweza kumpima na mkono kwa ule utepe wa rangi: chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, utapiamlo mkali, kutoka hapo mpaka 12.5 ni ya manjano, kuanzia 12.5 ni kijani. Utepe huo mdogo umeokoa watoto wengi.

Najua na wapo wasiopenda mtoto mnene kuning'inizwa kwenye mzani mbele ya watu, wanaogopa jicho. Msomee, mfunike kanga mpaka zamu yake ifike, omba apimwe upande wa ndani, hakuna atakaekataa. Lakini apimwe.

Mwezi ujao anatimiza sita, na mambo yanakuwa mengi kidogo. Anapewa tone la vitamini A, lile la kidonge cha kibuluu, kisha kila baada ya miezi sita mpaka akaribie miaka mitano, na kuanzia mwaka mmoja anaongezewa dawa ya minyoo. Chakula kinaanza huku ziwa likiendelea: uji mzito si wa kumiminika, ndizi iliyopondwa, boga, papai, samaki alochambuliwa miiba vizuri, yai lilopikwa likaiva. Chai kavu na mkate si chakula cha mtoto wa miezi sita.

Akifika miezi tisa ndio ya shurua na rubela. Wanauliza kwa nini isiwe mapema. Mtoto anazaliwa na kinga ya mama yake ya shurua, na ile kinga ikiwa bado ipo inaizima chanjo kabla haijafanya kazi, inaondoka pole pole na miezi tisa ndio wakati uloonekana unafaa kwetu. Hata hivo kwa umri huo inashika kwa watoto kama 85 katika mia. Hao kumi na tano walobaki ndio sababu ya ile ya pili ya mwaka na nusu. Na shurua si ya kuchezea, inakaa hewani ndani ya chumba mpaka masaa mawili baada ya mgonjwa kuondoka, katika watu kumi wasio na kinga wakikaa nae karibu tisa wataipata. Fikiria boti ya Unguja ilojaa, madirisha yamefungwa, mtoto mmoja ana homa na macho mekundu. Wengi wanapona vipele wakadhani imekwisha, kumbe shurua inafuta kumbukumbu za kinga nyengine mwilini, mtoto anabaki miezi anaugua nimonia, anaharisha, masikio yanatoa usaha.

Baina ya miezi tisa na mwaka na nusu ndio tunawapoteza watoto. Kashakuwa anasimama, mama karudi shamba au kwenye mwani, pengine mimba nyengine imeingia, na hakuna sindano hapo katikati ya kumkumbusha. Wewe katika miezi hiyo endelea kumpeleka mzanini hata kama unapitia tu, na muuguzi atamtizama mengine: kukaa mwenyewe bila ya kushikwa miezi tisa, kuitikia jina lake, kutembea asipite mwaka na nusu, macho kama yanafatana. Ukiona mboni ya jicho inang'aa nyeupe, hata kwenye picha ya simu, usingoje tarehe ya kliniki, nenda siku hiyo hiyo.

Na swali la mafua nilitie hapa kwavile mtaliuliza: mafua, kikohozi kidogo, kuharisha kidogo, au homa ndogo havizuii chanjo. Mpeleke, muuguzi atamtizama aamue. Anaerejeshwa ni yule alozidiwa kweli kweli, na huyo anahitaji matibabu kabla ya kitu chochote.

Tumalizie na huyu mkubwa wa miaka mitatu, nimefurahi umemtaja kwavile wengi wanamficha. Hajapitwa. Ile ya pili ya shurua na rubela bado inamfaa na atapewa, sindano moja tu mkononi, na siku hiyo hiyo aulizwe vitamini A yake na dawa ya minyoo lini alipata mara ya mwisho. Mchukue pamoja na mdogo wake, kadi zote mbili, na kanga ya ziada. Homa ya sindano hiyo ikija haiji usiku ule, inakuja baada ya wiki moja hivi mpaka siku kumi na mbili, pengine na vipele vidogo, visikutishe, haviambukizi na vinaondoka kwa siku mbili tatu. Mwambie na mavyaa mapema, ili siku ile ikifika awe anajua.